Wiki ya Ndiyo na Siyo

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua mikosi yangu ilipofikia. Wewe unayeanza leo, vuta kiti, nitakueleza kwa ufupi.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona na dada yangu katika chumba kimoja kinachotazama barabara, na nyumbani tunaishi wawili tu, vyumba viwili na sebule. Kila Jumatano jioni naenda kwenye kikundi cha Neno, kwenye sebule ya Nesi Mstaafu. Huko tuna utaratibu aliouanzisha Mwinjilisti wetu. Mistari ya Biblia imeandikwa kwenye vikaratasi, vikaratasi vimekunjwa na kutiwa ndani ya hotpoti, na kila mtu anachomoa chake. Mstari uliouchomoa unaishi nao wiki nzima, kazini, sokoni na jikoni. Jumatano inayofuata unatoa ushuhuda.

"Neno ukilitundika ukutani ni kalenda tu," Mwinjilisti husema. Mchana yeye ni fundi wa simu. "Neno ulishike kama unavyoshika simu. Likizima, uhangaike."

Mpaka sasa hotpoti haijanihurumia. Mstari wa kwanza ulinitaka nikilazimishwa kwenda maili moja, niende na ya pili. Nikamsaidia jirani kubeba mfuko wa viazi, jioni ikanikuta nahamisha nyumba yake yote. Mstari wa pili ulikuwa wa kugeuza shavu, na nilishaeleza wiki jana kwa nini mimi na mwenye nyumba wetu siku hizi tunasalimiana kwa mbali.

Jumatano iliyofuata nikachomoa wa tatu. Ndiyo yenu na iwe ndiyo, na siyo yenu siyo.

Niliomba kubadilishana na mwenzangu aliyepata "Furahini siku zote."

"Neno ni dozi," Nesi akasema. "Huwezi kumeza ya jirani."

Wewe ambaye hujawahi kushona nguo ya mtu huenda huoni tatizo liko wapi. Kazi yetu inasimama juu ya mkasi, pasi na "njoo kesho." Mkasi ukikosekana, utaazima. Pasi ikiharibika, utakunja nguo vizuri uifiche mikunjo. Ukikosa "njoo kesho," funga duka urudi kwenu.

Nilipomweleza Dada, hakuinua macho. Alikuwa anachora kwa chaki juu ya kitambaa.

"Kwa hiyo mteja akija kuulizia nguo yake, utamwambiaje?"

"Ukweli."

"Ukweli upi?"

"Kwamba haijakatwa."

Akaweka chaki chini. "Mdogo wangu, sisi hatudanganyi watu. Tunawatia moyo."

Wa kwanza kuingia alikuwa Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani, aliyetuletea kitambaa cha suti ya mahafali.

"Haya mafundi, tumefika wapi?"

Nilimwona Dada akifungua kinywa kusema imebaki vifungo tu. Nikamtangulia.

"Hatujaanza."

"Hamjaanza kushona?"

"Hatujaanza kukata. Kitambaa kiko kwenye mfuko ule ule uliokuja nao."

"Lakini juzi mliniambia umebaki upindo."

"Ndiyo, tulikuambia."

Mwalimu Mkuu alikaa kwenye benchi. Nadhani katika ualimu wake wote hakuwahi kuona mtu akikiri kosa kabla ya kuulizwa mara ya pili, na hakujua adhabu yake ni ipi. Mwishowe akainuka, akachukua mfuko wake na kuondoka nao. Dada alimsindikiza kwa macho mpaka kona.

"Njia ya mwongo ni fupi," nikajitetea.

"Ya mkweli ndiyo hiyo hapo, imeishia kwenye kona," akasema Dada. "Hata kuaga hakuaga."

Alhamisi hiyo nzima nikafukuza wateja kwa ukweli. Mmoja aliuliza kama tulimwekea kitambaa chake mahali salama, nikamwambia ndicho tulichoegemezea mlango. Mwingine akauliza kwa nini sketi yake inapanda upande mmoja, nikamjibu kwamba tulipokuwa tunaikata tulikuwa tunasikiliza mpira redioni. Dada aliacha kunipa chai.

Kesho yake asubuhi mambo yakageuka. Muuza Viatu wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameyasikia yote hayo, na akaja na gauni lake jipya akiwa amelivaa.

"Kwangu kila mtu ananiambia nimependeza," akasema. "Nasikia wewe wiki hii umefungwa mdomo usidanganye. Hili gauni limenikaa?"

"Halijakukaa. Mabega ni ya mtu mwingine, na rangi inakuzeesha."

Aliondoka. Nikajua huyo naye tumempoteza. Baada ya chakula cha mchana akarudi na wifi yake.

"Mwambie na huyu," akasema.

Nikamwambia. Wifi akanuna, akaenda, akarudi na wifi yake yeye. Mpaka Ijumaa jioni benchi letu lilikuwa limejaa wanawake walioleta mawifi zao waambiwe ukweli ambao wao wenyewe walishindwa kuwaambia kwa miaka. Na kila aliyeambiwa mabega hayajakaa, Dada alikuwa pale na pini mdomoni, tayari kuyakalisha.

"Endelea na mstari wako," akaniambia. Chai ikarudi, tena na mkate.

Jambo moja tu lilinitia wasiwasi. Mwanamke mmoja aliniuliza mbele za watu kama mumewe alikuja kushonesha gauni kwetu, na kama alikuja, lilikuwa saizi ya nani. Nikajifanya nimejichoma sindano, nikatoka nje, nikampigia simu Mwinjilisti.

"Kunyamaza kunaruhusiwa?" nikamwuliza.

Nikasikia anahamisha bisibisi. "Bwana mwenyewe alinyamaza mbele ya Pilato," akasema. "Kunyamaza si kudanganya. Nyamaza tu."

Nikarudi ndani, nikanyamaza. Kumbe nilikuwa nimekabidhiwa kisu nikidhani ni kijiko.

Sasa hapa lazima nikuelezee habari za Breki.

Breki ni dereva wa lori aliyestaafu. Watu walimpa jina hilo kwa sababu hafanyi lolote, hata kupiga chafya, bila kupunguza mwendo kwanza. Alikuja kwetu mara ya kwanza na suruali ya kulegeza kiuno. Baadaye suruali zake zikaanza kuharibika kila wiki, na zote ziliharibika mahali ambapo Dada ndiye anayejua kutengeneza. Mpaka anaposa, nadhani hakuwa na suruali nzima nyumbani kwake.

Dada alifiwa na mumewe wakiwa bado vijana. Mimi kuolewa kulinijia kukapita, nikakutazama kunavyokwenda. Tangu hapo tumekuwa wawili. Tumepanga pamoja, tumeugua pamoja na kugombania blanketi moja zuri tulilo nalo. Breki alipoposa, Dada alinunua kitambaa cha rangi ya maziwa akaanza kujishonea gauni la harusi taratibu, mwisho wa foleni, kama mteja asiye na haraka.

Jumamosi Dada alikwenda kununua zipu. Breki akaingia, akavua kofia, akakaa kwenye benchi la mawifi.

"Shemeji," akasema, "nimekuja leo kwa sababu nasikia wiki hii huna maneno ya kupamba."

"Ndiyo, shemeji."

"Wazazi wenu hawapo. Wewe ndiye baba na mama wa huyu mwanamke. Sitaki kuingia kwenye nyumba ya watu kwa nguvu. Kwa hiyo nakuuliza. Nikimwoa dada yako, wewe moyoni mwako utaridhika?"

Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa siyo.

Si kwamba ana ubaya. Hanywi, hapayuki, anafuta miguu mlangoni. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, kwamba angemchukua dada yangu kwenda naye kwake. Nilijiona asubuhi nimeamka kwenye nyumba ambayo hakuna mtu wa kunilaumu kwa kuacha kijiko ndani ya sukari. Nilimwonea Breki wivu, na niliogopa. Nasema hivi wazi kwa sababu siku ile sikusema.

Nikamkumbuka Pilato, nikanyamaza.

Nilichukua sindano iliyokuwa na uzi, nikaanza kuitia uzi. Breki alisubiri. Ni mtu anayejua kusubiri, ameshasubiri kwenye mizani nyingi za barabarani. Mwisho akavaa kofia yake.

"Nimeelewa, shemeji," akasema. Akatoka, akaacha suruali aliyokuwa ameileta.

Jumapili Dada hakuimba alipokuwa anafua. Jumatatu nilimkuta dukani kabla yangu, ameketi na gauni lake la maziwa mapajani, analifumua kwa wembe, mshono baada ya mshono.

"Dada, unafanya nini?"

"Kitambaa kizuri hiki. Kitatoa foronya."

"Na harusi?"

"Hakuna harusi."

"Breki amesema nini?"

"Kunywa chai yako."

Nikanywa. Nilijua ni mimi. Mwanamume alikuja na swali la heshima, nikamjibu kwa sindano, na yeye kwa tabia yake akakanyaga breki mpaka mwisho. Nilitaka kumwambia Dada, nikajipa sababu. Mstari wangu ulihusu majibu, na hakuna aliyekuwa ameniuliza. Unaona jinsi Neno linavyoweza kulegezwa na mtu aliyezoea kulegeza viuno vya suruali.

Jumanne wanawake walikuja na mawifi, wakatukuta tunashona bila kusemezana, wakarudi nao.

Jumatano jioni tulikuwa tumeshaimba wimbo wa kufungulia kwa Nesi pale mlango uliposukumwa. Dada akaingia. Dada huyu huyu ambaye Mungu humwona kwenye harusi na misiba. Akavua viatu, akaketi kiti cha karibu na kabati, akaweka mikono mapajani.

"Karibu sana, mama," Mwinjilisti akasema, amefurahi kama aliyepata laini mpya. "Tulikuwa tunaanza ushuhuda. Fundi, tusimulie. Mstari umeonekanaje katika maisha ya kila siku?"

Nikasimama. Nikaanza na Mwalimu Mkuu, wakacheka. Nikafika kwa mawifi, Nesi akajifuta macho. Nilikuwa nimeamua kuishia hapo.

Dada akainua mkono kama mtoto wa shule. "Wageni wanaruhusiwa kuuliza?"

"Uliza, mama."

"Jumamosi," akasema, akinitazama mimi tu, "Breki alikuuliza kama utaridhika akinioa. Ukanyamaza. Nilikuwa pale nje mlangoni na zipu zangu mkononi. Nilisikia swali, na ule unyamavu nao niliusikia. Sasa nakuuliza mimi. Ulitaka niolewe? Ndiyo au siyo."

Mwinjilisti akakohoa. "Kwa kweli, tukimtazama Bwana mbele ya Pilato..."

"Mwinjilisti," Nesi akasema, "hebu nyamaza wewe."

Sebule nzima ikanigeukia.

"Siyo," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu utaondoka."

Dada akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepima kitambaa mara ya pili na kupata kipimo kile kile.

"Nilijua," akasema. "Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ndiyo maana nilimfuata Breki siku ile ile, njiani, nikamwambia basi. Nikamwambia siwezi kumwacha mdogo wangu."

Kwa hiyo hakuwa Breki. Siku zote hizo nilimbebesha yule mwanamume kosa la kurudi nyuma, na aliyerudi nyuma ni Dada, kwa ajili yangu. Alikuwa amefumua gauni lake mwenyewe ili nisiamke peke yangu.

Nikalia. Sisemi nililengwalengwa na machozi, nililia kwa sauti, na kamasi pia. Nesi akanipa kitambaa cha kufunikia redio.

"Dada," nikasema nilipoweza, "nimekupa nusu ya jibu. Sitaki uondoke, huo ni ukweli. Lakini sikuweza kutazama ule wembe. Afadhali nikose mtu wa kugombana naye kuliko nikuone unafumua. Mrudie. Olewa."

"Hiyo sasa ni ndiyo au siyo?" Nesi akauliza. Yeye hupenda dawa iandikwe vizuri.

"Ni ndiyo. Inauma, lakini ni ndiyo."

Dada alikuwa ameanza kuinuka aje kunishika pale hodi ilipobishwa mlangoni. Breki alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi.

"Samahani, wapendwa," akasema. "Nimepita nyumbani kwenu, jirani akaniambia mko huku."

"Umefuata nini?" Dada akauliza, na kwa uso wake nilijua kwamba hakumwita.

"Uliniambia huwezi kumwacha mdogo wako. Nimekaa na hilo neno tangu Jumamosi. Sikulala vizuri. Leo nikapata jibu, na ni jepesi. Usimwache. Mimi ndiye nitakayehamia kwenu."

Nesi akamsogezea kiti, lakini hakukaa.

"Nyumba yangu nimeshampangisha mtu," akaendelea. "Ameingia leo asubuhi."

"Umempangisha kabla ya kuniuliza?" Dada akasema.

"Ndiyo. Sijui imekuwaje. Sijawahi kufanya jambo la haraka namna hii."

Mtu huyu amekanyaga breki maisha yake yote, na siku aliyoondoa mguu alikuwa anateremkia kwetu. Hata hivyo nilianza kufurahi. Nilivihesabu vyumba vyetu kichwani, chake na Dada kimoja, changu kimoja. Dada anabaki, kijiko ndani ya sukari kinabaki na mwenye kukilalamikia. Nikafuta pua nikamwambia, "Shemeji, karibu. Moyo wangu umeridhika."

"Ndiyo yako ni ndiyo?"

"Ni ndiyo."

"Ahsante, shemeji. Maana kuna jambo moja." Akaizungusha kofia. "Kama dada yako hawezi kukuacha wewe, mimi nami nina mtu nisiyeweza kumwacha. Naishi na mama yangu. Yuko hapo nje, kwenye gari."

Mwinjilisti hakuweza kujizuia. "Lakini ndugu yangu, imeandikwa mwanamume atamwacha baba yake na mama yake, ataambatana na mkewe."

"Imeandikwa," Breki akakubali. "Nilimsomea. Akaniambia nisome mbele, nisome tu. Nilipofika pale pa kuwaheshimu baba na mama, akasema sasa funga kitabu."

Tukatoka wote. Mbele ya nyumba ya Nesi kulikuwa na gari dogo la mizigo, na juu yake kitanda kimefungwa kamba, miguu juu, na godoro, na ndoo zilizopandana. Kwenye kiti cha mbele alikaa bibi mdogo wa umbo, amevaa kama mtu anayekwenda ubatizo, mkoba wake juu ya magoti. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisogea kwa sababu wenzangu walinisukuma.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule fundi asiyesema uongo?"

"Ni kwa wiki hii tu, Mama."

"Basi nimewahi."

Akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa anakaza kamba isiyolegea. Akamtazama Dada. Dada, kwa sauti ya kuwatia wateja moyo, akasema, "Karibu sana, Mama, wala si taabu, nafasi ipo tele." Nesi akasema karibu. Mwinjilisti akasema karibu. Yule bibi akasubiri wamalize, kisha akaninong'oneza, na nikalazimika kuinama mpaka usawa wa dirisha.

"Unawasikia? Karibu, karibu. Mwanangu naye ananiambia hivyo hivyo tangu asubuhi, huku anafunga kitanda changu na hanitazami usoni. Ni watu wazuri. Wamelelewa vizuri mno, hakuna hata mmoja atakayeniambia. Nakuuliza wewe, mwanangu, na nitalala na jibu lako. Mimi ni mzigo?"

Mkoba aliushika kwa mikono miwili, na hakuwa na haraka yoyote. Nyuma yangu Breki akaacha kukaza kamba.

Nikashika mlango wa gari, nikafungua kinywa.